Usiviweke Pamoja

Almasi ni jirani mbaya. Ikae kwenye kisanduku kimoja na mkufu wa dhahabu, uzi wa lulu na hereni za opali, halafu kisanduku hicho kifunguliwe asubuhi na jioni, kisukumwe, kiinamishwe, kipekuliwe kutafuta kipini kilichozama chini. Baada ya muda almasi itakuwa vilevile ilivyokuwa, na wenzake wote watakuwa na michubuko. Mwenye mali atasema vito vya siku hizi havina ubora. Ubora vilikuwa nao. Vimekwanguana tu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza natumia dawa gani kung'arishia vito, namjibu kwa swali: vyako unaviweka wapi? Watu wanapenda habari za kusafisha kwa sababu matokeo yake yanaonekana. Maji yanachafuka, kito kinang'aa, moyo unatulia. Kuhifadhi hakuna raha hiyo, lakini kwangu mimi ndiko kwenye kazi yenyewe, na anayehifadhi vizuri wala hasafishi mara kwa mara.

Kuna kipimo cha ugumu wa madini alichokitunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, na mpaka leo ndicho kinachotumika kwenye vito. Kinaanzia 1 na kuishia 10, na kanuni yake ni nyepesi: cha juu hukwaruza cha chini. Almasi iko 10. Yakuti, iwe nyekundu au ya bluu, iko 9. Topazi 8, zumaridi kati ya 7.5 na 8, amethisti 7, tanzanaiti kati ya 6 na 7. Opali inazungukia 6, feruzi 5 hadi 6, na lulu iko chini kabisa huko, 2.5 hadi 3 hivi, sawasawa na dhahabu safi na fedha. Namba hizo hazipandi kwa hatua zilizo sawa. Kutoka 9 kwenda 10 ni mruko mkubwa kuliko yote, maana almasi inaizidi yakuti ugumu mara kadhaa. Kinachoiweza almasi ni almasi nyingine, kwa hiyo hata pete mbili za almasi hazilazwi mahali pamoja.

Vumbi nalo limo kwenye hesabu hiyo. Ndani yake mna chembe za mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga ni madini yaleyale yanayofanya amethisti, ugumu wake 7. Anayechukua kitambaa kikavu akafuta vumbi juu ya opali au feruzi anaisaga kwa mkono wake mwenyewe. Kwanza lipulize, au lipitishe brashi laini ya vipodozi ambayo haijatumika, ndipo ufute.

Mimi sina kisanduku cha vito. Nina droo fupi, ya juu kabisa kwenye kabati la nguo, kina chake hakizidi urefu wa kidole cha shahada. Niliipendea huo ufupi: haina nafasi ya kulaza kitu juu ya kitu. Ndani mna trei ya vibanda, ya aina ile wanayopangia ndoano wavuvi, na kila kibanda nimekitandika kipande cha pamba nilichokata kwenye shuka kuukuu. Shuka kuukuu linazidi kitambaa kipya, kwa sababu limefuliwa hata rangi na dawa za kiwandani zikaisha. Kila pete ina kibanda chake. Hereni zinakaa jozi jozi, isipokuwa zenye mawe. Hizo kila moja ina kifuko chake, kwa kuwa pacha hao wana mawe ya ugumu mmoja na ndio wanaoumizana. Bangili nene zimeviringishiwa pamba, kila moja peke yake.

Watu wakiiona trei hiyo hucheka. Walitarajia kasha la mbao lenye kioo kwenye kifuniko. Makasha hayo yanapendeza, sikatai, ila kabla hujalinunua uliza limetengenezwa kwa nini. Mbao, hasa za mwaloni, hutoa mvuke wa asidi polepole kwa miaka mingi, na mvuke huo ukifungiwa ndani ya kasha unakula vitu vya jamii ya chokaa, kombe na lulu zikiwamo. Wahifadhi wa makumbusho wanaufahamu vizuri uharibifu huo kwenye makombe yaliyokaa ndani ya makabati ya mbao. Kitambaa kizito cha sufu kinachobandikwa ndani ya makasha kina salfa, na salfa ndiyo adui wa fedha. Mpira nao vivyo hivyo, kwa hiyo usifungie bangili za fedha kwa raba. Plastiki si moja: ile laini inayonuka na kunata vidoleni mara nyingi ni PVC, iweke mbali, vifuko vya polithini vya kubana mdomo havina neno.

Mikufu ndiyo yenye visa. Wifi yangu hutia yake yote kwenye pochi moja, halafu baada ya miezi huniletea fundo.

"Wifi, hili nalikata. Limenishinda."

"Usikate, wifi. Kaa hapo unishikie taa."

Kwanza nafungua vifungo vyote, maana mkufu uliofungwa ni kitanzi, na vitanzi vilivyopitana havifumuki. Fundo nalilaza juu ya kioo, si juu ya kitambaa, lisije likakamata nyuzi. Tone moja la mafuta ya mtoto linaangukia katikati. Kisha nachukua pini mbili, moja ya kushikilia na nyingine ya kutikisa. Sivuti hata kidogo. Kuvuta ndiko kulikolikaza. Nazitia ncha za pini penye msongamano na kuzitenganisha taratibu, kidogo huku, kidogo kule, mpaka fundo livimbe na mwanga upenye ndani yake. Hapo huwa kuna ncha moja inayoanza kuteleza yenyewe. Naifuata hiyohiyo, naiachia njia, na mara mkufu wa kwanza unatoka mzima. Wifi huwa ameshaacha kulalamika, kainamia meza, hapumui. Mikufu yote ikishatoka inaoshwa kwa maji ya sabuni ili mafuta yasibaki kunasa vumbi.

Kinga yake ni mrija wa kunywea. Unapitisha ncha moja ya mkufu ndani ya mrija, unakutanisha ncha mbili kwa nje, unafunga kifungo. Mkufu uliovaa mrija hauna namna ya kujifunga fundo, hata ukisafirishwa. Mikufu bapa ya kusukwa haiingii kwenye mpango huo. Inalazwa imenyooka, haikunjwi, kwa sababu ikishapata mkunjo mmoja hata sonara mzuri hupata taabu kuunyoosha.

Fedha ina tabia yake. Nasema fedha ya vito, ile yenye chapa 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Weusi unaoifunika hautokani na uchafu. Salfa iliyomo hewani imeungana na uso wa fedha, na unyevu unauharakisha muungano huo. Kwa hiyo fedha inataka kufichwa hewa. Kila kipande changu kiko kwenye kifuko cha polithini nilichokikanda hewa ikatoka kabla ya kukibana, na ndani nimetia kipande cha karatasi maalumu ya kuzuia weusi, inayonyonya salfa kabla haijaifikia fedha. Karatasi hizo huchoka, zinabadilishwa. Lakini hakuna kinachoshinda kuvaa. Bangili inayovaliwa kila siku husuguliwa na ngozi na nguo ikabaki nyeupe, huku mwenzake aliyewekwa kwa ajili ya sherehe anageuka kijivu ndani ya kabati.

Njia ya karatasi ya alumini na bikaboneti ya soda inafanya kazi, sibishi. Ndani ya maji ya moto, fedha ikigusana na alumini, salfa inaiachia fedha na kuhamia upande wa pili. Mimi huitumia kwa kitu kitupu tu, kisicho na jiwe, gundi wala nakshi. Fundi aliyechora maua kwenye bangili mara nyingi ameacha weusi ndani ya mifereji makusudi, ndio unaoyafanya maua yaonekane, na maji yale hayachagui weusi wa makusudi na wa bahati mbaya. Kwa kitu chenye nakshi natumia kitambaa cha kung'arishia fedha, nikipita juu juu na kuiacha mifereji ilivyo.

Sasa, mtu anaweza kudhani akishampa kila mmoja kifuko chake, basi vyote vinaweza kukaa mahali pamoja. Hapana. Fedha inataka ukavu na kufungiwa. Lulu haziyataki hayo. Lulu ni matabaka ya madini ya chokaa yaliyoshikanishwa na protini na maji kidogo. Zifungie kwenye plastiki, au zisahau miaka ndani ya sefu kavu, zitapungua maji, zififie, hata zipasuke. Opali nayo ina maji ndani ya mwili wake, yanayoweza kufika asilimia 10 ya uzito wake na zaidi, na ikikaushwa inaweza kupata nyufa za utando zisizorudi. Vile vipakiti vya silika, vya kunyonya unyevu, vinavyoiokoa fedha vinaitesa opali. Ndiyo maana droo yangu ina upande wa vitu vinavyofungiwa na upande wa vitu vinavyopumua.

Upande unaopumua unatawaliwa na lulu za shangazi yangu. Ziko ndani ya kifuko cha hariri, zimelazwa. Hazitundikwi, kwa sababu uzi wake ni wa hariri, na uzi wa hariri ukibeba uzito siku zote hurefuka. Shangazi alikuwa na amri aliyoitoa kila alipotuona mbele ya kioo: lulu huvaliwa mwisho na kuvuliwa kwanza. Manukato, dawa ya nywele, poda, vyote vitangulie na vikauke, ndipo lulu zije. Kisa chake ni hiyo chokaa. Asidi hata iliyo hafifu huiyeyusha, na jasho lina asidi yake.

Nikizivua nazipitisha moja baada ya nyingine ndani ya kitambaa laini chenye unyevu, katikati ya gumba na shahada, na vidole hivyohivyo vinanieleza hali ya uzi. Kati ya lulu na lulu kuna fundo dogo. Lipo ili lulu zisisuguane, na uzi ukikatika isipotee zaidi ya moja. Fundo likiwa limeegemea lulu pande zote mbili, uzi u mzima. Lulu ikianza kucheza mbele na nyuma, au ukaona uzi mtupu kati yake na fundo, upeleke ukatungwe upya, usisubiri sherehe ipite. Uzi huchafuka kwanza nyuma ya shingo karibu na kifungo, kwenye jasho na manukato, na mara nyingi hukatikia hukohuko. Kuloweka lulu zilizotungwa sikubali kabisa. Maji hujificha ndani ya mafundo na matundu, uzi unaoza ukiwa bado unaonekana mzuri kwa nje.

Dhahabu yenyewe haina makuu. Haishiki kutu, haidai karatasi maalumu. Shida inatoka kwa metali inazochanganywa nazo. Dhahabu safi ni karati 24. Ya karati 22 hupigwa chapa 916, ya 18 ni 750, ya 14 ni 585, ya 9 ni 375. Klorini ya bwawa la kuogelea, au ya maji ya kuondolea madoa ya nguo, hushambulia metali hizo za kuchanganyia, hasa kwenye dhahabu nyeupe yenye nikeli, na siku moja kikucha kinachoshika jiwe hukatika bila pete kugongwa popote. Kipimajoto cha kioo chenye zebaki kikivunjika, vua pete kabla hujagusa kitu, kwa maana zebaki huingia kwenye dhahabu mara moja na kuiacha na madoa meupe. Dhahabu nyeupe inayoanza kuonyesha umanjano haijaharibika. Ganda lake la rodiamu, metali nyeupe inayopakwa juu, limelika, sonara atalipaka tena. Na ile alama nyeusi inayobaki shingoni, ambayo watu huikimbilia kusema mkufu ni bandia, mara nyingi ni kazi ya poda ya uso. Chembe zake ngumu zinaisaga dhahabu, na metali iliyosagika mno huonekana nyeusi.

Kusafisha, basi, maana najua mlikuwa mnakusubiri. Bakuli la maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki laini wa mtoto. Pete ya almasi ikae humo robo saa. Almasi hupenda mafuta kuliko mawe mengi, kwa hiyo losheni, krimu na mafuta ya ngozi vyote vinaishia mgongoni kwake. Uso wa juu wala hauhitaji kusuguliwa sana, geuza pete. Chini ya jiwe, kwenye kale kadirisha kanakopitisha mwanga, utakuta utando wa kijivu uliochanganyika na nyuzi za nguo. Ingiza ncha ya mswaki humo, zungusha, suuza, tazama tena. Jiwe lililokuwa limelala linaamka kwa kusafishwa upande usioonekana. Suuza kwenye bakuli la pili, usisuuze chini ya bomba juu ya sinki, maana jiwe lililolegea huchagua siku hiyo kutoka, na tundu la sinki halirudishi kitu. Dawa ya meno iachiwe meno. Ina chembe za kusugua zinazoitoa dhahabu mng'ao wake.

Bakuli hilo si la kila jiwe. Zumaridi nyingi zina nyufa za asili zilizojazwa mafuta ili zisionekane, na maji ya moto, mvuke au ile mashine ya kusafishia vito kwa mawimbi ya sauti huyatoa mafuta hayo, nyufa zikaibuka zote. Yakuti nyekundu iliyojazwa kioo huharibiwa hata na asidi hafifu. Feruzi ina vitundu, hunywa losheni na mafuta ikageuka kijani. Kaharabu haipatani na manukato wala spiriti. Tanzanaiti huogopa kutolewa kwenye joto na kutiwa kwenye baridi ghafla. Hao wote nawafuta kwa kitambaa chenye unyevu tu, na mashine ya mawimbi siiweki nyumbani kwangu hata kwa zawadi.

Kabla pete haijarudi kibandani naitikisa karibu na sikio. Jiwe lililolegea hulia, mlio mdogo mkavu. Halafu napitisha uzi wa pamba juu ya vikucha, kilichoinuka kitaukamata. Kikucha cha aina hiyo kikirekebishwa mapema ni kazi ya dakika chache kwa sonara. Pete nzuri huvuliwa kwa kushika duara lake, si jiwe, na huvuliwa kabla ya kulala na kabla ya kunyanyua vitu vizito. Bafuni hakuhifadhiwi kito chochote. Amethisti na kunzaiti, lile jiwe la waridi, hupauka zikikaa juani, kwa hiyo zisipangwe dirishani hata kama zinapendeza pale.

Vyenye thamani kubwa haviko kwenye droo. Viko kwenye sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani, kwa sababu sefu ndogo isiyofungwa ni mzigo ambao mwizi amefungashiwa tayari. Sefu za kuzuia moto zina kasoro yake: baadhi ya vizuizi vyake vya moto hutoa unyevu ndani, kwa hiyo fedha ikae humo na silika yake, na silika hiyo ikaushwe au ibadilishwe. Kila kito nimekipiga picha juu ya karatasi nyeupe, mbele, nyuma na mahali penye chapa, rula ikiwa pembeni, pamoja na uzito wake kwenye mizani ndogo. Vyeti vya mawe na risiti vinakaa mbali na vito, na nakala yake iko kwa mtu ninayemwamini. Kampuni ya bima haitakulipa kwa maelezo ya "ilikuwa nzuri sana, ina jiwe la bluu".

Wifi anasema hayo ni mambo ya watu wenye wasiwasi. Bangili zake za dhahabu kazishonea ndani ya pindo la koti kuukuu, koti limetundikwa nyuma ya mlango.

"Na siku koti likigawiwa?"

"Wifi, nani atalitaka koti lile?"

Nimeshindwa kumbadilisha. Nimelipiga picha koti, mbele na nyuma, rula pembeni, nikaliingiza kwenye orodha.